Karibu Isiyoishia Mlangoni

Neno "karibu" lina kazi mbili katika Kiswahili, na wanafunzi wa lugha hufundishwa mapema kuzitenganisha. Ni neno la kumpokea mgeni anapopiga hodi, na pia ni kielezi cha umbali: soko liko karibu, mvua i karibu kunyesha. Katika matumizi ya kila siku maana ya kwanza imeimeza ya pili, kiasi kwamba mtu huweza kuambiwa "karibu" mara kumi kwa siku bila kusogezwa hata hatua moja. Hali hii hudhihirika zaidi katika nyumba za ibada. Makanisa mengi huliandika neno hilo kwenye ubao wa langoni, na wazee wa kanisa hulitamka kwa tabasamu kila Jumapili asubuhi. Lakini mgeni akishaketi, akaimba, akatoa sadaka na kuondoka, je, umbali baina yake na wenyeji wake huwa umepungua? Jibu la swali hilo halipatikani Jumapili. Hupatikana Jumanne, pale mgeni yule anapolazwa hospitalini, au anapofiwa, au anaposhindwa tu kuondoka kitandani kwa huzuni isiyo na jina, ndipo ikajulikana kama yupo mtu aliyetambua kuwa haonekani.

Mnyambuliko wa vitenzi unaisaidia hoja hii. "Kukaribisha" ni kauli ya kutendesha: mmoja anatenda, mwingine anatendewa. "Kukaribiana" ni kauli ya kutendana, na humo hakuna anayebaki mtazamaji. Dhehebu linalojigamba kuwa limeufungua mlango wake kwa kila mtu huwa limemaliza kazi ya kauli ya kwanza tu. Kazi ya kauli ya pili ni ngumu zaidi, haina nyimbo nyingi wala vipaza sauti, na hufanywa na watu wasiojulikana sana.

Mfano unaofaa kuchunguzwa ni wa Waunitaria Wauniversalisti wa Marekani, kwa kuwa ni vigumu kupata dhehebu lililoufungua mlango kwa upana kuliko wao. Asili yao ni madhehebu mawili. Waunitaria walipata jina lao kwa kulikataa fundisho la Utatu na kushikilia umoja wa Mungu, na umoja wao wa Marekani uliundwa mwaka 1825. Wauniversalisti nao, waliokuwa wamejipanga tangu mwaka 1793, walihubiri kuwa Mungu mwenye upendo hawezi kumtupa kiumbe wake motoni milele, na kwamba hatimaye wote wataokolewa. Mwaka 1961 pande hizo mbili ziliungana, na makao yake makuu yako mjini Boston. Makanisa yao hayazidi sana elfu moja, idadi ambayo dhehebu moja tu kubwa la Kenya huweza kuipita bila jasho.

Anayeingia katika kanisa lao haulizwi anaamini nini. Katika safu moja ya viti huweza kuketi Mkristo, Myahudi wa kuzaliwa, mfuasi wa Buddha, na mtu asiyeamini kuwa Mungu yuko. Hakuna kanuni ya imani inayokaririwa. Mwaka 1985 waliidhinisha kanuni saba za mwenendo, ya kwanza ikihusu utu na thamani ya kila mtu. Mwaka 2024 mkutano wao mkuu ulipiga kura na kuziweka mahali pake tunu kadhaa zinazozunguka upendo. Tangu mwaka 1990 wamekuwa na mpango maalumu wa kuyafundisha makanisa yao namna ya kuwapokea mashoga na wasagaji, jambo ambalo katika madhehebu mengi, ya Afrika Mashariki na kwingineko, lingezua mtafaruku hata kulitaja.

Kwa mwamini wa kawaida, mpango wa namna hii huzua mashaka ya haki. Kama watu hawakubaliani kuhusu Mungu, wokovu wala Maandiko, ni nini kinachowaweka pamoja? Wapo wanaodai kuwa kanisa lisilo na imani moja ni klabu tu yenye kinanda. Dai hili lina uzito na halifai kupuuzwa. Jibu la Waunitaria wenyewe ni neno "agano", nalo lina historia ya kushangaza. Mwaka 1648 Wapuriti wa Massachusetts, watu wakali sana wa mafundisho, waliandika hati iliyojulikana kwa jina la mji wa Cambridge. Humo walieleza kwamba kila kanisa linajitawala lenyewe, humchagua mchungaji wake lenyewe, na hushikamanishwa na agano ambalo waumini wameliweka baina yao na mbele ya Mungu. Hakuna askofu wa kulipangia mchungaji. Karne zilipopita, wajukuu wa Wapuriti hao waliyaacha mafundisho moja baada ya jingine hata yakaisha, lakini agano likabaki. Hadi leo kanisa la Kiunitaria humwita mchungaji wake kwa kura, hulimiliki jengo lake, na huendeshwa kwa ahadi za fedha ambazo kila familia huandika mara moja kwa mwaka. Asiyeahidi haadhibiwi. Ila jengo likivuja hakuna wa kupigiwa simu isipokuwa wao wenyewe.

Basi agano lisilo na imani moja nyuma yake haliwezi kusimama kwa maneno. Ni sharti lisimame kwa matendo, na matendo hayo yana ratiba. Hapa ndipo juma lao linapostahili kutazamwa kwa makini.

Jumapili huanza kwa kuwashwa mwali ndani ya kikombe. Alama hii, inayotumika karibu katika makanisa yao yote, ilichorwa mwaka 1941 na Hans Deutsch, msanii mkimbizi aliyekuwa Lisbon. Aliichora kwa ajili ya kamati ya Waunitaria iliyokuwa ikiwavusha watu waliokimbia utawala wa Hitler. Kamati ilihitaji muhuri wa kuzipa barua zake sura ya kuaminika mbele ya maafisa wa mipaka. Yafaa jambo hili likumbukwe: ishara yao kuu ya ibada ilianza kama nyenzo ya ofisini, kwenye karatasi za kuwasaidia watu wasio na pa kwenda.

Baada ya nyimbo za mwanzo huja sehemu ambayo wengi wao huiita furaha na masikitiko. Anayetaka hujitokeza mbele, huwasha mshumaa mdogo au huchovya jiwe katika bakuli la maji, na kueleza kwa kifupi kilichompata: mjukuu amezaliwa, majibu ya daktari yametoka, ndugu amefungwa jela. Sehemu hii hupendwa na kulalamikiwa kwa kiwango sawa. Daima hupatikana mtu anayesimulia ugonjwa wa paka wake kwa dakika saba huku mjane wa juma lililopita akisubiri zamu. Kwa sababu hiyo baadhi ya makanisa yameondoa masimulizi ya mdomo na kuweka kadi, ambazo mchungaji huzisoma kwa ufupi. Wanaotetea kadi wana hoja ya muda. Hata hivyo, sauti ya mtu anayetetemeka haisomeki kwenye kadi, na kanisa linalokimbilia saa hupoteza habari ambayo ndiyo chanzo cha kazi yote ya juma linalofuata.

Maana sehemu hii, ikitazamwa vizuri, ni ya kukusanya habari. Wakati mishumaa inawashwa, mtu mmoja katika safu za nyuma huwa anaandika. Huyo ni wa kamati ya utunzaji. Ibada ikimalizika watu huenda kwenye chumba cha kahawa, na huko habari hukamilika: aliyesema mbele ya kanisa kuwa "mama hajambo" husema kando ya birika kuwa mama hatambui mtu tena. Kufikia jioni orodha huwa tayari. Nani amelazwa, nani ametoka hospitali na hawezi kuendesha gari, nani amejifungua, nani hajaonekana kwa majuma matatu.

Siku zinazofuata hazina kitu cha kupigwa picha. Jumatatu simu hupigwa. Jumanne bakuli la chakula hupelekwa kwa aliyejifungua, likiwa na karatasi inayoeleza kilichomo ili mwenye mzio asidhurike. Kwa kawaida familia moja hupika siku moja, nyingine siku ya pili yake, hata majuma mawili yakatimia. Jumatano mstaafu mmoja humpeleka mstaafu mwenzake kwenye kliniki na kumsubiri. Kuna kadi za kuandikwa. Kuna mfuko mdogo wa fedha unaosimamiwa na mchungaji peke yake, ambao humlipia mtu kodi ya nyumba au dawa bila jina lake kutajwa mahali popote. Kuna pia vikundi vidogo vya watu wanane au kumi vinavyokutana majumbani, aghalabu mara mbili kwa mwezi. Kanuni ya vikundi hivyo ni moja na ni ngumu: mtu anapozungumza, wengine hunyamaza. Hawamshauri, hawamsahihishi, hawamsimulii yaliyompata shangazi yao. Kwa watu waliozoea mijadala, unyamavu wa dakika tano ni kazi kuliko kupika.

Jambo la kuzingatia ni kwamba walio wengi katika kazi hii si wachungaji. Makanisa kadhaa huwapa waumini mafunzo ya kuwatembelea wagonjwa na waliofiwa, kisha huwaweka wakfu mbele ya kanisa. Kanisa lenye mchungaji mmoja na waumini mia tatu haliwezi kutunzwa na mchungaji huyo hata akiacha kulala. Hili ndilo fundisho ambalo janga la mwaka 2020 lililifanya lionekane wazi. Mwezi wa Machi mwaka huo, makao makuu yalipoyashauri makanisa yaache kukutana ana kwa ana, ibada zilihamia kwenye skrini. Kanisa lililokuwa na orodha iliyo hai, yenye majina, simu na mtu wa kila jina, lilijua siku ileile nani anaishi peke yake. Kanisa lililotegemea mimbari peke yake lilibaki na picha ya mhubiri inayozungumza na vyumba lisivyovijua.

Pamoja na sifa hizi zote, ukweli wa upande wa pili hauna budi kusemwa. Mlango wao uko wazi, lakini kwa miongo mingi walioingia na kukaa wamefanana mno: Wazungu, wenye shahada, wenye umri mkubwa, wasikilizaji wa muziki wa aina moja. Mgeni asiye wa tabaka hilo hupokewa kwa adabu kubwa. Hupewa kahawa, huulizwa anatoka wapi, huulizwa tena Jumapili inayofuata anatoka wapi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na methali hii hufasiriwa shuleni kuwa ni karipio kwa mgeni mvivu. Inaweza kusomwa kwa namna nyingine. Jembe ni uenyeji. Asiyepewa jembe hata siku ya thelathini ameambiwa, kwa heshima zote, kwamba shamba si lake. Mwaka 2017 rais wa muungano huo alijiuzulu kufuatia malalamiko kwamba nafasi za juu za ajira ziliendelea kupewa Wazungu, na mjadala uliofuata ulikuwa mchungu kwa watu waliojiona kuwa mstari wa mbele katika haki. Mtu huweza kukaribishwa katika ukumbi na asikaribishwe katika orodha ya wanaoamua.

Kisa kinachoionyesha tofauti hii kwa uwazi mkubwa ni cha kanisa la All Souls mjini Tulsa, jimbo la Oklahoma. Kanisa hilo lilianzishwa mwaka 1921. Mwaka huohuo, tarehe 31 Mei na 1 Juni, makundi ya Wazungu wenye silaha yaliuvamia mtaa wa Greenwood, uliokuwa na Waamerika Weusi wengi waliofanikiwa kibiashara, na kuteketeza zaidi ya nyumba 1,000 katika eneo la vitalu vipatavyo 35. Idadi ya waliouawa haijawahi kukubaliwa na wote. Makadirio ya baadhi ya wanahistoria hufikia 300. Gazeti la Tulsa Tribune ndilo lililochapisha, alasiri ya siku ya kwanza, habari ya kijana Mweusi aliyedaiwa kumshambulia msichana Mzungu ndani ya lifti, habari ambayo hutajwa daima miongoni mwa vichocheo vya ghasia. Mwenye gazeti hilo alikuwa Richard Lloyd Jones. Mtu huyohuyo alikuwa mmoja wa waanzilishi wa All Souls, naye ni mtoto wa mhubiri mashuhuri wa Kiunitaria, Jenkin Lloyd Jones. Kwa hiyo kanisa la watu huru, wasiomfungia mtu yeyote mlango, lilizaliwa katika mji uliokuwa ukifuka moshi, na mmoja wa wazazi wake alikuwa na kiberiti mkononi.

Miaka mingi baadaye, upande wa pili wa mji huohuo, Askofu Carlton Pearson alikuwa na kanisa la Kipentekoste lililovuta watu zaidi ya 5,000. Alikuwa Mweusi, mwimbaji, kipenzi cha mhubiri Oral Roberts, na uso uliofahamika katika televisheni. Kilichombadilisha kina uhusiano na Afrika Mashariki. Kwa masimulizi yake mwenyewe, jioni moja alikuwa nyumbani na binti yake mchanga akitazama taarifa ya wakimbizi wa Rwanda, watu waliokonda na watoto waliovimba matumbo. Akajikuta akiwaza kwamba wengi wa watu wale, kwa mujibu wa mafundisho aliyoyahubiri, walikuwa wakitoka katika mateso hayo na kuingia moja kwa moja katika moto wa milele. Hakuweza tena kuliamini jambo hilo. Akaanza kuhubiri kuwa wote wameokolewa, yaani fundisho lilelile la Wauniversalisti wa karne ya kumi na nane, bila ya kuwa mmoja wao. Mwaka 2004 baraza la maaskofu wa Kipentekoste wenye asili ya Afrika lilimtangaza kuwa mzushi. Waumini wakamwacha kwa maelfu, jengo likapotea, na waliobaki wakawa wanasali katika kanisa la watu wengine.

Mwaka 2008 mabaki hayo, watu wapatao 200, walihamia All Souls. Hapo ndipo kauli ya kutendesha ilipokabiliwa na kauli ya kutendana. Kuwakaribisha kulikuwa rahisi, viti vilikuwepo. Lakini hawa walikuja na makofi, mikono iliyoinuliwa, "Amina" za katikati ya mahubiri, na jina la Yesu midomoni, mambo ambayo baadhi ya Waunitaria wakongwe walikuwa wameyakimbia katika makanisa ya utoto wao na kuapa kutoyarudia. Wale wa Pearson nao walijikuta katika ibada tulivu yenye hotuba ndefu na vitabu vya nyimbo visivyokuwa na damu ya Mwanakondoo hata ukurasa mmoja. Mchungaji wa All Souls, Marlin Lavanhar, angaliweza kuwaachia wageni saa ya alasiri na kuendelea na mambo yake, kama makanisa mengi ya Nairobi yanavyokodisha kumbi zao. Badala yake kanisa lilianzisha ibada nyingine ya Jumapili yenye muziki na msisimko wa watu hao, ikiwa ibada ya kanisa zima, na wenyeji wakaombwa wajifunze kukaa humo. Wapo walioudhika. Wapo pia Wazungu waliogundua, wakiwa na miaka sitini, kwamba walikuwa wakitamani kupiga makofi maisha yao yote.

Ni makosa kukipamba kisa hiki kupita kiasi. Watu 200 hawaufuti mwaka 1921, na mji wa Tulsa bado umegawanyika. Pearson mwenyewe alifariki Novemba 2023. Lakini kuna jambo ambalo kisa hiki kinalithibitisha: wageni walipewa jembe. Walipewa saa, kipaza sauti na nafasi katika kamati, na wenyeji walikubali kupoteza kitu walichokipenda. Pale ambapo mwenyeji hapotezi chochote, ni vigumu kuamini kwamba kuna aliyekaribia.

Mwaka huohuo wa 2008 ulileta jambo jingine, la huzuni zaidi, lililoonyesha kwamba mlango uliofunguliwa si sitiari tu. Tarehe 27 Julai, katika kanisa la Waunitaria mjini Knoxville, jimbo la Tennessee, watoto walikuwa wakiigiza mchezo wa muziki mbele ya watu wapatao 200. Mtu mmoja aliingia na bunduki iliyofichwa ndani ya sanduku la gitaa na kuanza kufyatua risasi, kwa chuki, kama alivyoandika mwenyewe, dhidi ya watu wenye mawazo huria. Greg McKendry, aliyekuwa na zamu ya ukaribishaji siku hiyo, alisimama mbele ya risasi na kuuawa. Linda Kraeger aliuawa pia, na wengine kadhaa wakajeruhiwa kabla ya waumini kumwangusha mshambuliaji na kumkamata. Kesho yake jioni kanisa la jirani, la Kipresbiteri, liliwafungulia ukumbi wake kwa maombolezo, na watoto walewale wakasimama wakaimba wimbo wa mchezo wao. Wapresbiteri hawakubaliani na Waunitaria katika jambo lolote kubwa la imani. Walikuwa jirani, na siku hiyo ujirani ulitosha.

Msomaji wa Kenya anaweza kuuliza yote haya yanamhusu nini, hali jamii yake ina utu na ujirani uliokuwepo kabla ya kamati yoyote ya utunzaji. Swali hilo ni la haki. Mathalani, maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki waliamua katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976 kuzifanya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa msingi wa kazi ya kanisa, na hadi leo familia za mtaa mmoja hukutana kila juma nyumbani kwa mmojawao, husoma Injili, kisha hujuliana hali. Hiyo ni kamati ya utunzaji bila ya jina hilo. Na katika matanga, hakuna Mmarekani anayeweza kumfundisha Mkenya kitu. Ndani ya siku tatu kamati huwa imeundwa, mweka hazina amepatikana, kundi la simu limejaa majina, na gharama ya jeneza imekwisha kuchangwa na watu ambao baadhi yao hawakuwahi kumwona marehemu.

Hapo ndipo penye kidonda. Ukarimu wa aina hii umekomaa zaidi kwa wafu kuliko kwa walio hai. Mtu aliyeugua figo kwa miaka miwili, akienda kusafishwa damu mara mbili kwa juma, mara nyingi hupata wageni katika mwezi wa kwanza na kisha katika juma la mazishi. Katikati hapo pana majuma mia moja ambayo hayana kamati. Mama anayemlea mtoto mlemavu hahitaji harambee peke yake. Anahitaji mtu wa kukaa na mtoto kila Alhamisi kwa saa mbili ili aende sokoni. Maradhi ya akili, ambayo hayana jeneza wala picha ya kubandika kwenye bango la mchango, hayaitishi mkutano wowote. Udugu usio na ratiba huamka kwa kishindo na kulala upesi. Waunitaria wa Marekani, kwa kuwa hawana koo wala kijiji cha kuwashika, walilazimika kuandika katika kalenda kile ambacho wengine hudhani kitajitokeza chenyewe. Ni unyonge uliowazalia ustadi, na hakuna aibu katika kuuazima.

Yapo pia yasiyofaa kuazimwa. Desturi yao ya kumwachia mtu faragha kiasi kwamba hakuna anayethubutu kubisha mlango bila kuahidiana kwa simu haina nafasi katika mtaa wa Kiafrika, na heri isipate. Vilevile, hofu yao ya kumwambia mtu neno lolote la imani huweza kumwacha anayekufa akiwa na chakula kingi mezani na hana aliyemwombea. Hapo muumini wa jumuiya ndogo ya Kayole au Kisii ana cha kuwapa.

Lakini pana mahali ambapo kalenda inahitajika upesi kuliko pengine popote, napo ni vyuoni. Vyama vya kidini vya wanafunzi, vya Kikristo na vya Kiislamu, ni hodari wa kukaribisha. Katika juma la kuwapokea wanafunzi wapya huwa na mabango, meza, peremende na nyimbo. Hujaza majina kwenye daftari kubwa, pamoja na nambari za simu na chumba cha bweni. Daftari hilo huhesabiwa, idadi hutangazwa kwa shangwe, kisha huwekwa kabatini hadi mwaka unaofuata. Wakati huohuo mwanafunzi aliyetoka mbali huishiwa na karo, au hufeli mtihani wa kwanza, au huanza kujifungia chumbani, na hupita mwezi mzima kabla mwenzake wa chumba hajamwambia mtu. Vyama hivyo vina kamati ya sala, kamati ya muziki, kamati ya uinjilisti na kamati ya safari. Yule wa mwaka wa kwanza aliyejiandikisha Septemba na ambaye hajaonekana tangu katikati ya Oktoba, jina lake liko mikononi mwa kamati ipi?